Karanga tunalima wenyewe, mbona chakula dawa bado ni ghali?

Kina mama wa Nanyumbu na Masasi, mkoani Mtwara, wakionja chakula dawa, yaani kile cha pakiti kinachotibu watoto wenye utapiamlo mkali, wengi huuliza jambo moja: hizi si karanga tu? Kwa nini ziletwe kwa maboksi kutoka mbali, tena tuambiwe ni ghali, wakati sisi tunavuna karanga kwa magunia? Swali hilo lina haki ya kupata jibu kamili, maana jibu la mkato limeshawapeleka baadhi ya wazazi kwenye kinu kutengeneza chakula dawa chao.

Pakiti moja ina gramu 92 na nguvu ya kilokalori 500. Mle ndani mna karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta ya mimea, na mchanganyiko wa vitamini na madini. Chakula hiki kilibuniwa mwaka 1996 na Wafaransa wawili, André Briend na Michel Lescanne. Ubunifu wao mkubwa ulikuwa kuondoa maji. Kabla ya hapo mtoto mwenye utapiamlo mkali alilazwa wodini kwa wiki kadhaa akinyweshwa maziwa maalumu, ambayo yakishakorogwa na maji hayakawii kuingiwa na vijidudu. Chakula hiki kizito kisicho na maji hakiharibiki hivyo, kwa hiyo mtoto mwenye hamu ya kula na asiye na maradhi mengine anatibiwa nyumbani. Kwa familia ya Newala, hiyo ina maana mama hasafiri hadi hospitali ya Ligula mjini Mtwara na kuacha korosho zikidondoka shambani bila wa kuziokota. Tukizungumzia gharama, hiyo nayo ihesabiwe.

Sasa turudi kwenye bei. Katika mchanganyiko uliozoeleka Malawi, karanga ni kama robo ya uzito. Maziwa ya unga yanakaribia theluthi, na hayo ndiyo yanayopandisha bei. Hata wakulima wetu wakipeleka karanga bure kiwandani, bei ya pakiti itashuka kidogo tu.

Basi maziwa yaondolewe? Watafiti wamejaribu, na nadhani ni vyema wananchi wakayajua matokeo yenyewe. Tamko la pamoja la mashirika ya Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 liliweka sharti kwamba angalau nusu ya protini ya chakula hiki itokane na maziwa. Utafiti wa Malawi uliochapishwa mwaka 2010 ulipunguza maziwa kutoka asilimia 25 hadi 10 na kujazia soya. Watoto waliopewa maziwa kidogo walipona kwa kiwango cha chini. Zambia walijaribu soya, mahindi na mtama bila maziwa kabisa. Matokeo yaliyotoka mwaka 2015 yalionyesha kwamba waliovuka miaka miwili waliendelea vizuri, ila wadogo zaidi walibaki nyuma. Malawi wakarudi tena na mchanganyiko kama huo, safari hii wakiongeza amino asidi, yaani vijenzi vya protini, zinazopungua kwenye nafaka na kunde. Mwaka 2017 waliripoti kwamba watoto walipona sawa na waliotumia chakula chenye maziwa, na hali ya damu yao ilikuwa bora zaidi.

Kwa hiyo njia ipo, lakini inapita kiwandani na maabara. Soya, mbaazi na ufuta vina fitati, kitu kinachozuia madini ya chuma na zinki kufyonzwa mwilini. Mtu mzima aliyeshiba hasumbuliwi sana na hilo. Mtoto aliyebaki mifupa na ngozi hana akiba ya kuvumilia.

Punguzo jingine, ambalo halisemwi sana, liko kwenye kipimo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka kilokalori 150 hadi 185 kwa kila kilo ya uzito kwa siku; mtoto akishatoka kwenye hatari kubwa, kipimo kinaweza kushushwa hadi 100–130. Mtoto wa kilo 6 huanza na takriban pakiti mbili kwa siku. Pakiti zinazookolewa baadaye zinamtibu mtoto mwingine, na maziwa yaliyomo kwenye pakiti hayajapunguzwa. Lakini anayeamua kupunguza ni mhudumu wa afya baada ya kupima. Nyumbani pakiti za mgonjwa hazigawiwi ndugu zake, hata wakilia.

Na karanga zetu je? Kusini tuna historia ndefu nazo, na si yote ya kujivunia. Waingereza waliposhupalia karanga za Nachingwea kuanzia mwaka 1947, walifyeka misitu na kujenga reli, na Mtwara ikapata bandari ya kina kirefu. Mwaka 1951 mpango ukatelekezwa. Leo mbegu bora kama Pendo, Mnanje na Mangaka zipo, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele kinaendelea na utafiti. Kinachoweza kuzifungia karanga zetu mlango wa kiwanda ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu. Ukungu wake huanzia shambani, hasa ukame ukipiga mwishoni mwa msimu, na huongezeka ghalani. Kukaanga hakuimalizi sumu hiyo. Tabia ya kulowesha maganda ili karanga zibanguliwe kwa urahisi ni kuukaribisha ukungu kwa mikono miwili. Vuna zikikomaa, anika juu ya turubai, tupa zilizosinyaa na zenye rangi, na weka magunia juu ya chaga.

Karanga hizo safi, zikisagwa na kutiwa kwenye uji pamoja na dagaa au yai, ni chakula kizuri cha kumkinga mtoto, na cha kumwendeleza akishapona. Kumtibu aliyekwisha kudhoofika sana ni kazi nyingine, kwa sababu jikoni hakuna vitamini na madini yaliyopimwa kwa uwiano wake.

Dalili za kumkimbiza mtoto kituo cha afya ni hizi. Utepe unaopima mzunguko wa mkono wa juu ukisoma chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, ni utapiamlo mkali. Miguu yote miwili ikivimba na kubaki na shimo ukiibonyeza kwa kidole gumba, ni utapiamlo mkali pia, hata kama mashavu yamejaa na jirani anamsifu kwa unene. Akikataa kula, akitapika kila kitu, akilegea au mwili ukiwa wa baridi, huyo ni wa kulazwa siku hiyo hiyo. Wodini ataanzishiwa F-75, maziwa maalumu ya kuanzia tiba, kidogo kidogo, usiku na mchana, na chakula dawa kitasubiri hadi hamu ya kula irudi.