Je, wajua kwa nini pini ya kilti haifungi kitu?

Mara ya kwanza kuvaa kilti, ile sketi ya sufu ya wanaume wa Uskoti, nilikuwa na dakika 20, kioo kimoja na nguo ya kukodi. Rafiki yangu alikuwa anaoa Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti. Ndani ya begi mlikuwa na kilti yenyewe, kipochi cha ngozi chenye mnyororo, soksi nzito za sufu, viatu vyenye kamba ndefu kupita kiasi, na chini kabisa, pini kubwa ya chuma yenye umbo la upanga. Nikaitazama ile pini. Nikaitazama kilti ilivyopishana mbele, tabaka juu ya tabaka, kama msuli. Nikajiambia, kumbe hii ndiyo ya kuzuia isifunguke. Nikaipitisha kwenye matabaka yote mawili, nikaibana, nikazunguka chumbani nimeridhika. Nilipoinama kuingia garini nikasikia uzi ukikatika. Halafu wa pili.

Mlangoni mwa kanisa mzee mmoja wa upande wa bibi harusi alinisimamisha, akaichomoa pini bila hata kuomba ruhusa, akairudisha kwenye tabaka la juu peke yake. “Hii haifungi kitu, kijana,” akasema, akaenda zake.

Haifungi kitu! Basi kwa nini iitwe pini? Swali hilo lilinikera ibada nzima, na tangu siku hiyo nimewauliza watu wengi kazi ya pini ya kilti. Karibu wote hujibu kama ambavyo ningejibu mimi: inashikilia mbele isipeperuke.

Kinachoshikilia ni mikanda midogo ya ngozi kiunoni. Kilti ya mwanamume huvaliwa hivi: unaizungushia nyuma, kisha tabaka la ndani linapita mbele ya tumbo kutoka kulia kwenda kushoto, na kamkanda kake kanapenyezwa kwenye tundu lililoachwa kiunoni na kufungwa kwenye bizimu ya kushoto, kwa nje. Tabaka la juu linafuata, kutoka kushoto kwenda kulia, nalo hufungwa upande wa kulia. Ukingo wake ulio huru, wenye nyuzi zilizochambuliwa, unaning’inia kwenye paja la kulia. Hapo ndipo pini inapokaa, karibu na pembe ya chini, na hapo ndipo mimi na wenzangu wengi tunapopotea.

Ili kuona kosa liko wapi, chukua daftari la shule. Likunje taratibu kama unataka kulitia mfukoni, huku ukitazama upande wake wa wazi. Kurasa hazibaki sawasawa. Kila moja inateleza kidogo juu ya mwenzake, ukingo unakuwa kama ngazi ndogo, na ukiliachia zinarudi mahali pake. Daftari limeshonwa upande mmoja tu, ndiyo maana linakunjika. Sasa lipige pini za steplaz na upande ule wa wazi, ulikunje tena. Ama litagoma, ama karatasi zitavimba katikati, ama zitachanika palepale kwenye pini.

Kilti imeshonwa na kufungwa kiunoni; kiuno ndio mgongo wa daftari. Kuanzia pale kwenda chini, matabaka mawili ya mbele lazima yawe na uhuru wa kuteleza. Ukipiga hatua, paja linasukuma tabaka la ndani kabla halijafika la nje. Ukipanda ngazi, mzunguko wa nguo kwenye magoti unatakiwa kuongezeka ghafla. Ukikaa, matabaka yote mawili yanapinda, lakini si kwa kipimo kimoja. Aliyewahi kuvaa msuli anaijua hali hii bila kufundishwa: jaribu kuubana msuli kwa pini kule chini kwenye pindo, kisha uende msikitini kwa haraka. Umejitengenezea foronya. Na kwa kuwa kitambaa kizima ni kigumu kuliko tundu la sindano, nguvu yote ya hatua yako inakwenda kumalizikia kwenye nyuzi tatu nne za sufu zilizoizunguka ile pini. Ndizo nilizozisikia.

Sasa kazi yake ni ipi? Jibu la kawaida ni uzito: pini huvuta pembe ya tabaka la juu isiinuke na upepo. Nalikubali jibu hili kwa tahadhari. Kilti nzito ina kitambaa cha yadi 8, yaani kama mita 7.3, na inakaribia kilo 2. Kipini cha chuma si kitu mbele ya mzigo huo. Lakini sehemu kubwa ya kitambaa imekunjwa marinda nyuma. Pembe ile ya mbele ni tabaka moja, bapa, lisiloshikwa na kitu upande mmoja, na kauzito kadogo kwenye pembe kana nguvu kuliko kakiwa katikati. Upepo mwanana, sawa. Upepo wa kweli wa Edinburgh, hapana, nimeushuhudia. Kuna hadithi pia kwamba Malkia Victoria alimwonea huruma askari aliyehangaika na upepo, akavua pini yake mwenyewe akampa. Ni hadithi nzuri, lakini ushahidi wake ni mwembamba kuliko pini yenyewe. Leo ni pambo zaidi ya kitu kingine chochote.

Aliyekosea kama mimi ana kisingizio kidogo katika historia. Vazi la mwanzo la Nyanda za Juu za Uskoti, tangu mwishoni mwa karne ya 16, lilikuwa shuka kubwa la sufu lililokusanywa kiunoni kwa mkanda, sehemu ya juu ikatupiwa begani na kushikizwa. Pale begani pini ilifunga kweli. Katika karne ya 18 ile nusu ya juu ikaachwa, ikabaki ya chini. Wapo wanaosema aliyeikata ni Thomas Rawlinson, Mwingereza mwenye tanuri la chuma, lakini tegemeo lao kubwa ni barua iliyochapishwa mwaka 1785, miongo kadhaa baada ya tukio, na usiitaje mbele ya Mskoti kama huna muda wa kubishana. Katikati ya hayo, baada ya vita vya Culloden mwaka 1746, ambako waasi wa Nyanda za Juu walishindwa na jeshi la serikali, serikali ya London ililipiga marufuku vazi hili kwa wanaume wa huko, isipokuwa askari, hadi mwaka 1782.

Makosa mengine ni mepesi kueleza. Kilti haivaliwi nyongani kama jinzi. Inakaa kiunoni, usawa wa kitovu, na pindo linaishia kwenye goti. Ukiishusha nyongani, pindo linafika kwenye miundi na marinda yanaachama. Mfalme George IV wa Uingereza alikosea kinyume chake: alipozuru Edinburgh mwaka 1822, mapokezi yakiwa yamesimamiwa na mwandishi Walter Scott, kilti yake ilikuwa fupi mno, na chini yake alivaa soksi ndefu za kubana zenye rangi ya ngozi. Wachora vibonzo walishiba. Kamba za viatu nazo huzungushwa juu kidogo ya kifundo cha mguu, si kusokotwa hadi gotini kama askari wa Kirumi.

Na marinda yanakaa nyuma. Hili linawachanganya waliozoea sketi za marinda za shule, zilizokunjwa mzunguko mzima, hata wengine huigeuza kilti ili “uzuri” uonekane mbele. Nawaelewa, maana uzuri kweli uko pale. Fundi hakunji tu popote. Anatafuta mahali katika miraba ya tartani, kile kitambaa cha rangi rangi cha kilti, ambapo akikunja, mstari mwekundu wa rinda hili utakaa palepale ambapo mstari mwekundu ungekuwa kama kitambaa kisingekunjwa kabisa, rinda baada ya rinda, hadi mgongo mzima usomeke kama kitambaa kimoja bapa. Kisha anayashona kutoka kiunoni hadi kwenye makalio na kuyaacha huru kwenda chini. Mshonaji anayelinganisha pindo la khanga kwenye gauni ataelewa ni kazi gani hiyo, akiizidisha mara ishirini na zaidi.

Jumatatu nilirudisha kilti dukani nikiwa nimeikunja vizuri, pini imefichwa ndani ya kipochi. Dada wa kaunta hakuhesabu vitu kwanza. Aliifunua mbele, akaligeuza tabaka la ndani, akapitisha kidole kwenye pembe ya chini, upande wa kulia, akasimama palepale.