Je, wajua kwa nini chembe ndogo za dawa hunasa kwenye kidonda cha utumbo?

Kumeza dawa ya vidonda vya utumbo mpana ni rahisi. Kuifikisha huko ndiyo kazi. Tumboni inakutana na tindikali kali, yenye pH ya 1 hadi 3 (kwenye kipimo hiki, namba ikiwa ndogo tindikali ni kali, na 7 si tindikali tena). Ikinusurika, inaingia utumbo mwembamba, mita 6 hivi za kiungo ambacho kazi yake ni kunyonya. Steroidi nyingi, dawa za kutuliza uvimbe, huishia hapo: zinaingia kwenye damu na kuzunguka mwili mzima, mgonjwa anavimba uso na mifupa inadhoofika, hali utumbo mpana umepata masalio tu.

Ndiyo maana vidonge vingi vya mesalazini, dawa nyingine ya ugonjwa huu, hupakwa ganda linaloyeyuka pH ikikaribia 7, yaani mwishoni mwa utumbo mwembamba. Ni mbinu nzuri, ila mgonjwa huyu anaharisha. Wakati mwingine kidonge hupita mbio na kutoka kizima.

Hapo ndipo udogo unapokuwa na faida. Mwaka 2001 watafiti waliwapa panya wenye uvimbe wa utumbo mpana chembe za nanomita 10,000, 1,000 na 100 (unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi). Zile za 100 ndizo zilizonasa zaidi palipovimba.

Chembe haina akili ya kujua kidonda kilipo. Ni ugonjwa wenyewe unaoikamata. Penye uvimbe, seli za ukuta wa utumbo huachana na kuacha mianya. Ute wa hapo hushika vitu vidogo ambavyo kuhara kusingeviacha. Protini zenye chaji chanya hujikusanya kwenye kidonda, zikavuta chembe zenye chaji hasi. Halafu kuna makrofaji, seli za kinga zilizofurika hapo, ambazo humeza kila kigeni kinachopita. Kwangu hili ndilo tamu kuliko yote: seli zinazochochea uvimbe zinajimezea dawa ya kuuzima.

Wengine wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2010 watafiti nchini Marekani walitengeneza chembe ambayo haivunjiki kwa tindikali wala vimeng'enya, bali kwa kemikali kali za oksijeni zinazomwagwa na seli za kinga penye uvimbe. Ndani yake waliweka RNA fupi, kipande cha molekuli kinachoweza kuzuia seli isitengeneze protini fulani. Hii ilikuwa ya kuzima TNF, protini inayochochea uvimbe na ileile inayozuiwa na infliksimabu, dawa ambayo kwa kawaida hutolewa kwa dripu au sindano kwa kuwa ikimezwa humeng'enywa kama nyama. Panya walipata nafuu.

Hao ni panya, lakini, na uvimbe wao ulisababishwa na kemikali kwenye maabara. Utumbo wa binadamu ni mrefu zaidi, una chakula cha kila aina, na ugonjwa wa Crohn, uvimbe mwingine sugu wa utumbo, huweza kuzuka popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Tena, uvimbe ukitulia mianya huziba na makrofaji hupungua, ilhali mgonjwa bado anahitaji dawa ili ugonjwa usirudi. Chembe iliyotegemea kidonda ili inase itanasa wapi?