Vitabu vya bure mtandaoni: kabla hujashusha, uliza kwa nini ni bure

Kazi yangu ni ukutubi, na siku hizi swali ninaloulizwa kuliko yote ni "nitapata wapi vitabu vya bure vya kusoma kwenye simu", na watu wanauliza kana kwamba vitabu hivyo ni adimu sana. Jamani, viko vingi kupita kiasi. Tatizo linaanzia hapo hapo, mtu anashusha mafaili mia mbili kwa usiku mmoja, simu inajaa, halafu hasomi hata kimoja kwa sababu hakuchagua, alizoa tu kila kilichopita mbele yake.

Mimi nawafundisha watu swali moja tu kabla hawajabonyeza: hiki kitabu kwa nini ni bure? Maana kila kitabu cha bure kina sababu yake, ama haki ya mwandishi imeisha muda, ama kuna mtu keshalipa gharama kabla yako, ama mwandishi anakuvuta umjue ununue vingine, ama kimeibiwa. Ukishajua sababu unajua pia ubora wake uutegemee kiasi gani, nani alikihariri, na kama kesho utakikuta pale pale.

Tuanze na haki iliyoisha maana huko ndiko kwenye hazina. Project Gutenberg, maktaba ya vitabu vya mtandaoni, ndio kongwe wa wote, ilianza 1971 pale Michael Hart, akiwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Illinois, alipochapa Azimio la Uhuru wa Marekani kwenye kompyuta ya chuo ili watu wengine walisome bure, na leo ina vitabu zaidi ya elfu 70. Ila kinachonifanya niipende ni ile kazi ya wanaojitolea, tangu 2000 kuna watu duniani kote wanakaa na picha ya ukurasa wa kitabu cha zamani upande mmoja na maandishi upande wa pili, wanalinganisha neno kwa neno, ukurasa mmoja unapita mikono kadhaa kabla haujaachiwa. Kwa hiyo ukishusha riwaya pale unapata maandishi safi, na riwaya isiyo na picha mara nyingi haifiki hata MB 2, bando lako halilii. Halafu kuna wengine wanaitwa Standard Ebooks, wao wanachukua maandishi hayo hayo wanayapanga upya, wanasahihisha, wanaweka jalada zuri na yaliyomo yanayobonyezeka. Vyao ni vichache lakini kwa mtu anayeanza kusoma riwaya za zamani za Kiingereza mimi namwambia aende huko kwanza, uchache wao unamsaidia kuchagua.

Sasa hii habari ya haki kuisha inawachanganya wengi kwa sababu kila nchi ina hesabu yake. Marekani kwa vitabu vya zamani wanahesabu miaka 95 tangu kitabu kichapishwe, ndio maana kila Januari mosi kundi jipya linaachiwa, Januari 2025 vikaachiwa vilivyotoka 1929. Uingereza na Ulaya ni miaka 70 baada ya mwandishi kufariki. Kenya na Tanzania Bara ni miaka 50 baada ya kifo. Chukua George Orwell, alifariki Januari 1950, kwa sheria zetu ulinzi wake uliisha na mwaka 2000, Uingereza ukaisha 2020, ila Animal Farm iliyotoka 1945 Marekani bado ina mwenyewe mpaka mwisho wa 2040. Kwa hiyo usishangae kukikuta kwenye Gutenberg ya Australia wakati ile ya Marekani haiwezi kukiweka. Na hapa nashika breki kidogo maana nimeona watu wanapitiliza: tafsiri ina haki yake yenyewe, tofauti na kitabu cha asili. Shamba la Wanyama, yaani hiyo hiyo Animal Farm aliyoitafsiri Fortunatus Kawegere ikatoka 1967, inahesabiwa kwa mfasiri. Vivyo hivyo Shakespeare ni wa wote miaka mingi sasa, lakini Juliasi Kaizari ni kazi ya Mwalimu Nyerere, na Mwalimu alifariki 1999, kwa hiyo hata kwa hesabu ya miaka 50 ile tafsiri ina ulinzi hadi mwisho wa 2049. Mtu akikutumia PDF yake akakwambia "hii ni ya bure, Shakespeare alishakufa zamani", mwelekeze.

Kuna kitu kinaniuma, wasomaji wa Kiswahili wengi hawajui kwamba vitabu vya kale kabisa vya Kiswahili vimelala kwenye Internet Archive, maktaba kubwa ya mtandaoni, vimeskaniwa kutoka maktaba za Ulaya na Marekani, na havina kizuizi chochote. Swahili Tales ya Edward Steere, ilichapwa London 1870, hadithi alizozikusanya Unguja, upande mmoja Kiswahili upande wa pili Kiingereza, humo kuna Sultani Darai, kuna punda wa dobi, hadithi ambazo bibi zetu walisimulia na hapa unazisoma kwa Kiswahili cha Unguja cha zaidi ya miaka 150 iliyopita. Desturi za Wasuaheli ya 1903, ambayo ina maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekusanya na kuchapisha ni Mjerumani Carl Velten, ukisoma namna anavyoeleza harusi, ngoma, kilimo na madeni ya watu wa mrima, yaani pwani ya bara, wa wakati ule utasahau kulala. Methali alizozikusanya W. E. Taylor, 1891. Hivi vyote hulipii hata shilingi, na ukiniuliza mimi ndivyo vitabu vya bure vyenye thamani kuliko vyote kwa mtu anayeipenda lugha hii.

Ila kwa Archive kuna ufundi wake. Kila kitabu pale kina mafaili kadhaa na watu wanakimbilia EPUB, faili ambalo maandishi yake yanajipanga kufuata ukubwa wa kioo cha simu, kwa sababu ni ndogo, halafu wanarudi kulalamika kwamba maandishi yamevurugika. Yanavurugika kwa sababu EPUB ile imetengenezwa na mashine inayosoma picha, hakuna binadamu aliyeipitia, na mashine ikikutana na Kiswahili cha 1870 inabahatisha, herufi zinageuka, maneno yanagandana. Kwa vitabu vya Kiswahili vya zamani shusha PDF hata kama ni MB 30, au usome pale pale kwenye tovuti ukurasa kwa ukurasa ukiwa kwenye waifai. Pia tofautisha vitabu vya kushusha na vya kuazima. Vya kuazima vina mwenyewe bado, unafungua akaunti ya bure halafu unapewa kwa saa moja au zaidi, na hivi vimepungua sana, wachapishaji wakubwa wanne waliishtaki Archive 2020 wakashinda 2023, rufaa ya 2024 nayo ikawapa ushindi, vitabu zaidi ya laki tano vikaondolewa kwenye kuazimwa. Kwa hiyo ukikuta linki ya zamani haifunguki sababu inaweza kuwa hiyo.

Sababu ya pili ni pale ambapo kuna mtu keshalipa. Serikali, wafadhili, chuo. Wazazi wengi wa Tanzania hawajui kwamba Taasisi ya Elimu ina Maktaba Mtandao ambako vitabu vya kiada vinasomwa bila malipo, mtu anatumiwa picha za kurasa zilizopigwa kwa simu kwenye grupu la wazazi, giza giza, wakati kitabu chenyewe kizima kipo. Kwa watoto wadogo kuna African Storybook ya Afrika Kusini na StoryWeaver ya India, zote zina hadithi za Kiswahili, na leseni yao inakuruhusu kuchapa, kunakili, hata kutafsiri na kurekebisha mradi umtaje mwandishi na mchoraji. Mwalimu, soma hiyo tena: unaruhusiwa kuchapa. Shule isiyo na kompyuta hata moja inaweza kushusha hadithi ishirini mjini, zikachapwa, zikabanwa pini, darasa la pili wakawa na kona ya kusomea. Tahadhari yangu ni kwenye tafsiri, maana pale mtu yeyote anaweza kuweka yake, na zipo zenye Kiswahili kibovu kabisa, zinamwambia mtoto sentensi ambazo hakuna Mswahili angezitamka. Soma yote kwa sauti kabla hujampa mtoto, hadithi zenyewe ni fupi, na ukiona alama kwamba wahariri wameipitisha anza na hiyo.

Wanafunzi wa vyuo wao waende OpenStax, vitabu vya kiada vya Chuo Kikuu cha Rice, fizikia, biolojia, takwimu, uchumi, vimeandikwa na kupitiwa na wahadhiri, na ni bure kabisa kwa PDF. Na kwa vitabu vya kitaaluma tafuta kwenye DOAB (Directory of Open Access Books), ile orodha inakusanya vitabu vilivyopitiwa na wataalamu ambavyo wachapishaji wenyewe wameviachia wazi. Ukitaka makala za fasihi na isimu ya Kiswahili, jarida la Swahili Forum liko wazi pia.

Walioko Marekani, Uingereza au Kanada, ninyi mna kitu ambacho sisi huku tunakitamani. Kadi ya maktaba ya mtaani kwenu mara nyingi inafungua programu ya Libby au nyingine kama hiyo, unaazima vitabu vipya vya mwaka huu bila kulipa. Kadi yenyewe kwa mkazi ni bure. Nenda kaichukue wiki hii.

Haya, tuje kwenye ofa, pale mwandishi anapokuvuta. Ukiona Amazon kitabu cha mwandishi anayejichapishia ni bure leo na jana kilikuwa dola tatu, mara nyingi ni kwamba mwandishi amejiunga na mpango wao ambao kila siku 90 unamruhusu kukitoa bure kwa siku tano, anatumia siku hizo kupata wasomaji na maoni. Na kwa nini bei zinajazana kwenye 2.99? Kwa sababu mwandishi akiuza kati ya 2.99 na 9.99 anaweza kupata asilimia 70, chini ya hapo anapata 35. Kwa hiyo kitabu cha senti 99 mara nyingi ni chambo, hasa kile cha kwanza kwenye mfululizo. Chambo sio kitu kibaya, mwandishi mzuri anaweka kazi yake bora kabisa hapo ili urudi, lakini jiandae kwamba hadithi inaweza kukatika patamu. Sampuli ipo bure, isome yote mpaka mwisho. Kurasa mbili za mwanzo kila mtu amezipiga msasa, angalia ya kumi inakuwaje. BookBub inatuma orodha ya ofa kwa imeli, inachuja kidogo, na ni bure kujiandikisha.

Kinachoniudhi zaidi kwenye bei rahisi ni yale makusanyo ya "kazi zote za" mwandishi fulani Mrusi au Mfaransa kwa dola moja. Maandishi yametolewa bure huko huko Gutenberg, jalada jipya limebandikwa, na jina la mfasiri halipo. Kitabu cha tafsiri kisichomtaja mfasiri usikinunue, kaa nacho mbali, nenda Gutenberg ukachukue kile kile bila kulipa na utaambiwa nani alikitafsiri na lini.

Kununua kwenyewe siku hizi kadi ya Visa ya mtandaoni kutoka kwenye M-Pesa inasaidia wengi. Ila jua unachopata, tangu Februari 2025 Amazon waliondoa njia ya kushusha faili la Kindle, yaani kitabu chao cha kielektroniki, kwenye kompyuta ili ulihamishe kwa waya, yani kitabu kinabaki zaidi upande wao. Wauzaji wanaokupa EPUB isiyofungwa, yaani unayoweza kuihamishia kifaa kingine, kama Smashwords, mimi nawapa kipaumbele bei zikilingana. Kwenye simu ya Android tumia ReadEra, inafungua karibu kila kitu na haina matangazo.

Mwisho ni vya wizi na hapa sitazunguka. Ukibonyeza "shusha kitabu" ukaletewa faili linaloishia na apk, hicho hakikuwa kitabu, ni programu inayotaka kuingia kwenye simu yako, ifute bila kuifungua. Na zile PDF za riwaya za Kiswahili zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram, riwaya za waandishi walio hai, wanaokaa Dar, Tanga, Mombasa, wengi wao wanauza softcopy wenyewe kwa bei ndogo, unalipa kwa simu anakutumia faili. Yule hana mshahara wa kuandika. Hivyo ndivyo vitabu vya bei rahisi nilivyoona vinasomwa mpaka mwisho kuliko vyote, watu wanavisoma kwenye daladala, wanavisubiri. Ukitumiwa kimoja na rafiki ukakipenda, fungua kurasa za mwanzo, mara nyingi namba ya mwandishi iko pale, mtumie hela yake na umuulize cha pili kinatoka lini.