Kwa nini mwandishi mmoja hukumbukwa na mwingine husahaulika?

Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu mwaka 1840 bila kuacha kitabu hata kimoja. Tungo zake za mapenzi, za ukata, za vita vya Wamazrui, watawala wa Mombasa, na Seyyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar, zilikuwa vinywani mwa watu tu. Mbona basi hadi leo anasomwa vyuoni?

Mwishoni mwa karne ya 19, mwanazuoni wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, alizikusanya tungo hizo kwa wenyeji waliozihifadhi kwa moyo na kuzifafanua. Alishirikiana na mmishonari Mwingereza, W. E. Taylor, ambaye karatasi zake zilikuja kuhifadhiwa London. Mwaka 1940 William Hichens akatoa Diwani ya Muyaka, na mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akazichapisha upya pamoja na utafiti wake. Mmoja tu kati ya hao angekosekana, pengine Muyaka angepotea. Ni malenga wangapi wa zama zake ambao hawakumpata Sikujua wao?

Ndiyo maana nikiulizwa ni waandishi gani wa leo watakaosomwa na vitukuu vyetu, huangalia kwanza nani atawabeba. Tuzo si dhamana. Nobel ya kwanza ya fasihi, mwaka 1901, alipewa Mfaransa Sully Prudhomme, ilhali Mrusi Leo Tolstoy, mtunzi wa riwaya, alikuwa hai na hakuipata hadi kufa. Nchini Marekani, Zora Neale Hurston alizikwa mwaka 1960 katika kaburi lisilo na alama. Mwaka 1973 mwandishi mwenzake, Alice Walker, alilisaka kaburi hilo, akaliwekea jiwe, kisha akaandika juu yake. Vitabu vya Hurston vikarudi mikononi mwa watu.

Kwetu mbebaji mkubwa ni shule, ila huwatua wengi njiani. Riwaya ikitahiniwa, maelfu ya vijana huisoma. Ikiondolewa, aghalabu huadimika madukani. Mimi husikiliza watu waliokwisha kuusahau mtihani wanamtaja nani. Mwandishi Mkenya Ken Walibora alifariki mwaka 2020, lakini mtaje Kongowea Mswahili, mhusika mkuu wa riwaya yake Siku Njema, mbele ya Wakenya wa rika fulani uone nyuso zinavyochangamka.

Nikilazimika kumchagua mmoja, namchagua Mtanzania Euphrase Kezilahabi (1944–2020). Riwaya yake Rosa Mistika, ya mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni Tanzania, na bado ikasomwa. Diwani yake Kichomi, ya mwaka 1974, ilileta mashairi yasiyofuata vina na mizani, na wanamapokeo wakakataa katakata kuyaita mashairi. Ubishi ule haujaisha. Kisha zikaja Nagona na Mzingile, riwaya fupi ngumu ambazo kila kundi la wanafunzi huzifasiri upya. Naamini huyu atadumu kwa sababu hajamalizwa kusomwa.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar anayeandika kwa Kiingereza, atakumbukwa duniani kwa Nobel ya mwaka 2021. Kwetu nategemea zaidi Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, kwa kuwa ndiyo inayoweza kusomwa kwa sauti sebuleni Unguja. Adam Shafi naye amepata mbebaji mpya: Vuta N'kuvute, riwaya ya mwaka 1999, ikawa filamu mwaka 2021.

Ninaowahofia ni watunzi wa simulizi za Facebook na WhatsApp, zile za sehemu ya kwanza hadi ya hamsini, ambazo watu huzisubiri usiku kwa hamu. Humo mna vipaji vya kweli. Lakini akaunti ikifungwa au simu ikiibwa, kazi nzima inakwenda. Mara nyingi simulizi husambazwa baada ya jina la mtunzi kufutwa, na hilo huniuma kuliko yote. Mwenye nazo simuni azichape kwenye karatasi, na jina la mtunzi aliandike ukurasa wa kwanza.