Hicho kipele cha rangi si mwanzo wa kutu

Nimeulizwa tena. Safari hii swali limekuja na picha: madigadi ya nyuma ya gari la miaka ya 70, rangi imetutumka mahali pamoja juu kidogo ya tairi, ukubwa wa punje ya harage. Maneno ni yale yale: "Fundi, kutu ndiyo inaanza. Nikwangue, nipake dawa ya kutu, kisha puti na rangi, au kuna dawa kali zaidi?" Haianzi, ndugu yangu. Hapo imeshamaliza kula, inapangusa mdomo.

Madigadi ya nyuma si bati moja. Kuna bati la nje, lile unalolisugua na kulipaka nta ling'ae, na kuna bati la ndani linalotazamana na tairi. Yote mawili hukutana ukingoni, yakakunjwa na kushikwa kwa pointi za kuchomelea, na kati yao hubaki upenyo usiopitisha hata ukucha. Tairi hurusha tope, tope hukaa juu ya mkunjo ule wa ndani, vumbi na majani hugandia hapo, na donge lote hubaki bichi siku nyingi baada ya mvua kukatika. Kiwandani gari la umri huo lilipakwa vizuri nje. Ndani ya upenyo rangi ilifika kidogo au haikufika kabisa. Basi kutu ilianzia upande usiouona, ikala bati la milimita 0.8 au 0.9 ikielekea nje, mpaka siku iliyobaki rangi peke yake. Na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila, lazima isukume. Kipele ndicho hicho: rangi inasukumwa kutoka nyuma.

Huniamini? Chukua bisibisi bapa, weka ncha katikati ya kipele, sukuma kwa nguvu ya mkono tu, bila nyundo. Bati zima litakataa. Lililooza hupasuka kama ganda la yai, rangi inabanduka na magamba ya kahawia, na ukigonga chini kidogo ya tundu utasikia magamba mengine yakimwagika ndani na kuteremka kuelekea kwenye kizingiti cha mlango. Endelea kuchokoa ukizunguka. Chini ya kipele cha harage utakuta shimo la upana wa sarafu, na kando ya shimo hilo bati linabonyea hadi upana wa kiganja. Ukifika hapo ndipo ujue kazi yako ina ukubwa gani. Kabla ya kuchokoa, makadirio yoyote ni ya kujifurahisha.

Ipo kutu ya nje kweli, nisionekane mtu wa kutisha watu. Jiwe likigonga katikati ya bonneti, rangi ikatoka, pakabaki wekundu, hiyo ni ya juu juu: msasa, praima (rangi ya msingi), rangi, basi. Tofauti huijui kwa ukubwa wa doa. Huijui pia kwa rangi yake. Unaijua kwa mahali. Katikati ya bati lililo wazi pande zote mbili, huenda imeanzia nje. Karibu na mshono, ukingo, mkunjo, chini ya mpira wa kioo, au kwenye pembe za chini za mlango, hesabu kwamba imetoka ndani mpaka bisibisi iseme vinginevyo.

Sasa puti. Puti ni poliesta iliyochanganywa na unga wa talki, na kazi yake ni moja: kusawazisha bati ambalo tayari ni zima na limekaribia umbo lake. Haizibi shimo. Haizuii maji. Ikishakauka hunywa maji, polepole lakini hunywa, na ukiipiga juu ya tundu lililo wazi upande wa nyuma, unyevu huifikia kutoka huko kila mvua inaponyesha, huku wewe nje umeng'arisha rangi. Mwaka wa kwanza unanipigia simu kunishangaa na makelele yangu. Baadaye hupigi tena. Ukiweka sumaku juu ya madigadi ya gari uliloambiwa "limenyooshwa" na ikateleza, unajua kilichofanyika: chini ya rangi ni puti, si chuma. Ndani ya vizingiti nimeshachomoa magazeti, wavu wa waya, faibagilasi, na povu lile la kuzibia madirisha ya nyumba. Povu ndilo baya kuliko yote: hufunga njia za maji na kushikilia unyevu juu ya chuma mchana na usiku. Aliyelipuliza alikuwa na nia njema, nina hakika.

Na dawa ya kutu? Sizidharau, ninazitumia. Nyingi huwa na asidi ya fosforiki au taniki. Ya kwanza hugeuza kutu kuwa fosfeti ya chuma, ya pili huiacha nyeusi yenye kuelekea buluu. Kazi hiyo ni ya kweli, lakini hufanyika pale tu dawa ilipogusa. Kutu ya magamba ina tabaka juu ya tabaka. Dawa hugeuza la juu, linakuwa jeusi la kupendeza, unapiga picha, na tabaka za chini zinaendelea na shughuli zao. Kwa hiyo magamba yote yatoke kwanza kwa brashi ya waya, grainda na kikwangulio, na dawa ibaki kwa mabaki ya vishimoni. Halafu kuna jambo ambalo watu hawalisomi kwenye kopo: asidi iliyobaki juu ya bati huifanya praima ya epoksi, ile ya kuchanganya na kigumishi, isishike. Kama unataka epoksi juu, ama usitumie dawa hiyo, ama uioshe kama maelekezo yanavyosema na ukaushe bati mara moja, kwa joto, si kwa kungoja upepo.

Aliyekwambia kwamba kwake dawa na puti vilidumu, mwulize gari lake ni la mwaka gani. Porsche ilianza kutumia bati lililopakwa zinki kwenye 911 katikati ya miaka ya 70, Audi ikalifanya kwa bodi nzima ya Audi 100 mwaka 1985, na wengine wakafuata. Gari lenye zinki husamehe makosa mengi. Lako la kale halina zinki, na miaka yote hii limekuwa likiweka tope. Wenye Land Rover za zamani nanyi msicheke sana. Bodi ni ya aluminiamu, sawa, lakini chesisi ni chuma, na ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva ni chuma. Tena pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, huliwa aluminiamu, ikatoa unga mweupe.

Tiba ya bati lililooza ni kulikata. Kata mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa pande zote mbili, nje na ndani, kisha sogea tena kidogo. Wanaoanza hukata kwa huruma, wakaacha ukingo mwembamba kwa kuwa "bado upo"; ukishawasha mashine ukingo ule unatoboka, unatoboka tena, na mwisho unakata palepale ulipotakiwa kukata mwanzo, ila sasa kingo zimeungua. Rekebisha bati la ndani kwanza, ndipo la nje. Kiraka kiwe cha unene ule ule, pembe zake ziwe za mviringo, na kikae ndani ya tundu bati kwa bati, si kulalia juu. Kiraka cha kulalia ni rahisi, nakubali, na sakafuni chini ya zulia siwezi kukugombeza sana. Lakini kinatengeneza upenyo mpya wa kushika maji, yaani ugonjwa ule ule uliokuja kuutibu.

Kuchomelea kwenyewe nitapita haraka, kwa sababu hakufundishwi kwa maandishi. Mashine ya MIG, ile inayolisha waya yenyewe na kuukinga kwa gesi: waya wa milimita 0.6, gesi ya argoni iliyochanganywa na kabonidayoksaidi. Usivute mstari. Piga pointi moja, ruka upande wa pili, piga nyingine, acha ipoe hadi mkono uvumilie, rudi ujaze katikati. Bati jembamba likipashwa moto mfululizo hupinda, na ukishalipindisha ndipo unapojikuta unahitaji puti ya kidole kizima.

Usalama nao haraka, lakini soma. Toa betri, tenga alternata. Tangi la petroli litoke kwenye gari kabisa, si kusogezwa. Zulia, viti na sponji vitoke, na mtu akae na kizima moto upande usiouona wewe, maana moto huanzia huko. Usisafishe bati kwa dawa ya breki yenye klorini kisha ukachomelea: mwali wa mashine huigeuza kuwa fosijini, gesi iliyotumika kama silaha kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Bati la zinki nalo hutoa moshi wa kukulaza na homa. Na anayekushauri kuondoa kutu kwa umeme kwenye ndoo ya maji, mwulize anatumia chuma gani upande wa chanya. Akikujibu chuma kisichoshika kutu, ondoka, kwani hapo yanatoka maji yenye kromiamu ya sumu.

Vizingiti ni habari nyingine. Kwenye magari mengi yasiyo na chesisi ya pekee, boriti lile tupu chini ya mlango ndilo linaloshikilia gari lisikunjike katikati. Volkswagen Beetle hupitisha hewa ya moto humo humo, na betri yake iko chini ya kiti cha nyuma, kwa hiyo sakafu pale huliwa na asidi pamoja na maji. Kabla ya kukata kizingiti, pima nafasi za mlango juu, chini na pembeni, uziandike, kisha chomelea vyuma vya kuzuia kukatisha uwazi wa mlango, na gari likae limeegemezwa sawasawa, halijaning'inia kwenye jeki moja. Kata upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili. Gari likishalegea na wewe ukachomelea hivyo hivyo, mlango hautafunga tena, na hakuna bawaba ya kurekebisha hilo.

Sasa niseme yale ambayo vitabu huyapitia kwa kujiamini mno.

Kwanza, vishimo. Ukishapiga grainda bati lenye kutu ya wastani, uso unang'aa lakini vinabaki vidoa vyeusi chini ya vishimo vidogo. Ile ni kutu. Kupuliza mchanga huitoa, ila mchanga wenye silika huua mapafu, na bonneti pana ikipulizwa na mtu mwenye haraka hurudi imejaa mawimbi. Nyumbani tunasugua, tunatia asidi, tunaosha, tunakausha, tunapiga epoksi, na ukweli ni kwamba hakuna anayeona kilichobaki chini. Mimi hushika bati kwa vidole viwili. Likibonyea nalikata, likiwa gumu naliacha. Hicho si kipimo cha kisayansi.

Pili, puti ipigwe juu ya chuma kitupu au juu ya epoksi? Mafundi wamegawanyika, na hata watengenezaji wa bidhaa hawasemi neno moja. Wa chuma kitupu wanasema hapo ndipo puti inapong'ata vizuri. Mimi napiga epoksi kwanza, naikwaruza kwa msasa, ndipo puti nyembamba juu yake, kwa sababu naogopa unyevu kuliko kubanduka. Nimeona kazi nzuri za kambi zote mbili, na mbovu za kambi zote mbili.

Tatu, mishono. Mabati mawili yaliyoshikwa kwa pointi, katikati yana kutu, pembeni mazima. Unaweza kutoboa pointi zote kwa drili, ukayatenganisha, ukasafisha na kuyarudisha. Nyumbani ni wachache wanaofanya hivyo kwa gari zima. Wengi wetu tunaingiza mafuta mepesi au nta ndani ya mshono na kutumaini. Huko ni kuahirisha tu, na mteja wangu namwambia hivyo kabla hajalipa.

Ukishamaliza, usimalizie kwa ile lami nyeusi ya kupaka chini ya gari. Ikizeeka hukauka na kupasuka, maji yakaingia nyuma yake na kukaa, nawe huoni kitu kwa sababu kote ni kweusi. Ninayoitoa kwa kikwangulio mara nyingi huja na bati lake. Ndani ya vizingiti, milango na boriti, puliza nta ya kazi hiyo kwa mrija mrefu wenye matundu pembeni, rangi ikishakauka kabisa, si kabla, kwa sababu mafuta ya nta hayapatani na rangi mbichi. Siku iwe ya joto ili nta itembee hadi kwenye mishono; ikianza kuchuruzika chini, imefika. Kisha pita na waya kwenye kila tundu la kutolea maji, milangoni, vizingitini na chini ya buti, maana nta uliyopuliza itakuwa imeziba nusu yake. Mvua za kwanza zikiisha, kagua matundu hayo tena, na tope la juu ya tairi ulitoe kwa mkono, kwa sababu maji ya bomba la presha hulilowesha tu na kuliacha mahali pake.