Injini ya rota haipendi kuzimwa ikiwa baridi: dhana potofu na ukweli

Saa kumi na moja unusu alfajiri, simu inalia. "Mama Imani, samahani sana, naomba usogeze gari nitoke." Anayeishi South B kwenye ploti ambayo magari hupangwa moja nyuma ya jingine anaijua simu hiyo. Nilishuka na leso, nikawasha Mazda RX-8 yangu, gari la injini ya rota (rota zinazozunguka badala ya pistoni), nikarudi nyuma mita tano, jirani akapita, nikairudisha mahali pake na kuzima. Hata dakika mbili hazikuisha. Saa moja na nusu, nimeshavaa na nimeshachelewa, stata ilizunguka ikazunguka, injini haikushika. Harufu ya petroli ilinifuata hadi mlangoni.

Siku hiyo kila aliyepita alikuwa na dawa yake. Fundi wa kwanza aliangalia kwa dakika chache akasema injini imekufa, tung'oe tuweke ya pistoni. Injini hiyo haikuwa na kasoro yoyote, na hadi leo ndiyo inayonipeleka kazini. Naandika haya kwa sababu RX-8 ziliacha kutengenezwa mwaka 2012, na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka 8. Hizi tulizo nazo ndizo hizo hizo, nyingine haziji. Kila nikisikia moja imeng'olewa injini nzima kwa sababu ya dakika mbili za alfajiri, naumia.

"Injini ya rota lazima ifladi, ndivyo ilivyoumbwa"

Kufladi ni injini kujaa petroli ndani hadi isiwake. Haifladi bila sababu, na sababu kubwa ni moja: kuwashwa ikiwa baridi na kuzimwa kabla haijapata joto.

Injini yoyote ya petroli ikiwa baridi humwagiwa petroli zaidi ya kawaida, kwa kuwa petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye chuma baridi. Ukizima wakati huo, petroli ambayo haijaungua hubaki ndani. Kwenye injini ya pistoni mara nyingi hutaona tofauti. Kwenye rota, shida inaanzia kwenye sili, yaani vizibo vya ncha zake. Ndani ya RX-8 mna rota mbili zenye umbo la pembetatu iliyotuna kingo, na kila ncha ya rota ina sili nyembamba inayoteleza juu ya ukuta wa nyumba yake. Sili hiyo hutegemea utando wa oili ili kuziba sawasawa. Petroli iliyobaki huosha ule utando. Asubuhi ukipiga stata, hewa inavuja kwenye ncha, kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya injini) inakuwa ndogo, plagi zimelowa, moto haushiki. Na kila unapojaribu tena, nozeli zinazonyunyiza petroli zinaongeza petroli nyingine juu ya ile iliyokwisha kujaa.

Kwa hiyo adui wa gari hili ni safari fupi mno. Kusogeza gari ili jirani atoke. Kijana wa kuosha magari anayeliwasha kulipeleka kwenye maji, analizima, analiwasha tena kulipeleka kwenye vakyumu, analizima. Kuliwasha kidogo tu ili betri isilale ukiwa na likizo. Mimi sasa kwenye sehemu ya kuosha siachi ufunguo: naweka gia fri, vijana wanasukuma kwa mikono, nami nashika usukani. Mwanzoni walinishangaa. Nilipowaeleza kwa nini, wakawa wao ndio wanaowaonya wenzao.

"Kila ukizima, lazima upige resi 3,000 kwanza"

Hii ina ukweli nusu, na ile nusu nyingine inawachosha watu bure. Kama umetoka mjini hadi Rongai na sindano ya joto imetulia mahali pake pa kawaida, injini ikishuka kwenye mzunguko wake wa chini, zima. Hakuna petroli ya ziada ya kufukuza.

Utaratibu wa resi ni wa siku ile umewasha gari likiwa baridi na huna budi kulizima. Njia bora kuliko zote ni kutolizima: liache lingurume, au zunguka nalo mtaani polepole mpaka sindano ipande na mzunguko ushuke wenyewe. Ikishindikana kabisa, shikilia injini kwenye mizunguko kama 3,000 kwa dakika, kwa sekunde kumi hivi, kisha achia na uzime ufunguo wakati bado inashuka. Ukikata ufunguo, petroli na cheche vinakatika papo hapo, lakini rota bado zina kasi. Zile duru za mwisho zinavuta hewa na kusukuma nje petroli iliyobaki. Hii inapunguza hatari, haiiondoi. Na 3,000 inatosha. Kuungurumisha injini baridi hadi 7,000 ili majirani wajue ni rota ni kuisugua kabla oili haijafika kila pembe.

Kuna wanaochanganya hili na desturi ya wenye RX-7 za turbo (gari la Mazda la rota lililotangulia RX-8), ya kuacha gari lingurume kidogo kabla ya kuzima. Ile ni kwa ajili ya kupooza turbo baada ya mwendo mkali. RX-8 haina turbo.

"Ikikataa, endelea kupiga stata, kanyagakanyaga, itashika tu"

Hapa ndipo betri nyingi na stata nyingi zinapoteketea. Kanyaga pedali ya petroli hadi chini kabisa na uishikilie hapo, usiipige-pige, kisha piga stata kwa sekunde zisizozidi kumi. Kompyuta ya injini ikiona pedali iko chini kabisa wakati wa kuwasha, hufunga nozeli, hewa tupu ndiyo inayopita. Pumzisha stata dakika moja hivi, rudia. Ikianza kudunda, endelea kushikilia mpaka ishike vizuri, ndipo uachie taratibu. Moshi utakaotoka nyuma utawatoa watu roshani. Ni petroli na oili inayoungua, utaisha.

Ikigoma baada ya majaribio machache, acha. Chaji betri kwanza, kwa maana stata inayozungusha kinyonge haijengi kompresheni hata kwenye injini nzima. Halafu ng'oa plagi zote nne, katiza umeme wa pampu ya petroli na wa koili, na uzungushe injini ili petroli iruke nje kwenye matundu. Fanyia uwanjani, asiwepo mwenye sigara wala jiko la makaa la jirani. Mvuke huo unalipuka. Wacha matundu yakauke, weka oili kidogo ya injini kwenye kila nyumba ya rota ili sili zipate utando wao, kausha plagi au weka mpya, rudisha, jaribu.

Angalia sana unaporudisha: kila rota ina plagi mbili, na hazifanani. Ya chini ni ya kutangulia, ya juu ni ya kufuata. Fundi aliyezoea gari za kawaida huona plagi nne akadhani zote ni sawa.

"Lisukumwe, litawaka"

Gari la gia za mkono linaweza kuwaka hivyo. Lakini kabla halijawaka, petroli mbichi inasukumwa kwenye katalitiki konveta (kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi), na ikishika moto huko inaiyeyusha kutoka ndani. Mimi simruhusu mtu.

"Ikifladi, injini imekwisha"

Kufladi mara moja baada ya kuzimwa baridi hakuthibitishi chochote. Ikifladi tena na tena ilhali unaizima vizuri, hapo chunguza: plagi, koili, betri, stata (ya RX-8 za mwanzo ilikuwa ya polepole na Mazda yenyewe ilileta ya kasi zaidi), kisha kompresheni.

Kipimo cha kawaida cha gereji hakifai kwa rota, kwa sababu kila rota ina nyuso tatu na kipimo kile hukuonyesha ile bora tu. Dai kipimo cha rota kinachotoa namba sita, pamoja na kasi ya stata wakati wa kupima. Kiwango cha chini cha Mazda kwa RX-8 ni kilopaskali (kPa) 680 kwa mizunguko 250 kwa dakika.

Ila Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Injini ambayo Mombasa ingesoma 750, hapa kwetu husoma karibu 610, bila kuharibika chochote. Kabla hujakubali injini yako ing'olewe, muulize fundi kama kipimo chake kimesahihishwa kwa urefu wa mahali, na umwombe akuandikie namba zote sita.