Kazi za asasi: dhana zinazochosha watu na kukausha akaunti

Ukitaka kujua asasi inaelekea wapi, usianze na ripoti yake yenye picha nzuri. Omba orodha ya likizo za wafanyakazi, kisha uliza pango la miezi 6 ijayo litalipwa na mradi upi. Jibu likianza na "kwa sasa tunajitahidi", ujue kuna mtu amebeba gharama ambayo haimo kwenye bajeti. Nyingi ya gharama hizo huzaliwa na dhana hizi potofu, ambazo hapa tunazipima kwa sheria za Tanzania.

Dhana: Shirika lisilo la faida halitakiwi kubaki na hela, wala halihusiki na kodi

Kubaki na ziada hakukatazwi. Kilichokatazwa ni waanzilishi na wanachama kugawana. Ruzuku ya mradi ina masharti yake na salio hurudi au hutumika kadiri mkataba unavyosema, lakini ada za uanachama, michango, malipo ya ushauri au ya kukodisha ukumbi ni fedha zenu. Ndizo pekee mnazoweza kuziweka akiba.

Kuhusu kodi, cheti cha Msajili wa NGO hakikuondolei chochote TRA, Mamlaka ya Mapato. Hadhi ya taasisi ya hisani huombwa, na hata ukiipata bado unakata PAYE (kodi ya mishahara) ya wafanyakazi, kodi ya zuio, yaani unayokata kabla ya kumlipa mtu na kuipeleka TRA, ya asilimia 10 kwenye pango na asilimia 5 kwa mtaalamu mkazi anayekupa huduma. Asasi nyingi huumia kwenye pango. Mwenye nyumba anataka shilingi 500,000 mkononi, hataki kusikia habari za makato, na mkataba hausemi nani anabeba kodi. Mkikubaliana hivyo, kiasi cha kuandika kwenye bajeti ni 555,556, kwa sababu asilimia 10 yake ni 55,556. Ukiandika 500,000, tofauti hiyo ya mwaka mzima inakusubiri pamoja na riba.

Dhana: Asasi nzuri hutumia kidogo kabisa kwenye uendeshaji

Hapa ndipo penye kidonda. Mwaka 2013, viongozi wa GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, taasisi za Marekani ambazo wachangiaji walizitegemea kupima asasi, waliandika barua ya wazi wakisema asilimia ya gharama za uendeshaji peke yake ni kipimo kibovu. Serikali ya Marekani nayo ilipandisha kiwango chake cha kawaida cha kulipia gharama hizo juu ya gharama za moja kwa moja za mradi, kwa asasi zisizo na kiwango zilichokubaliana nayo, kutoka asilimia 10 hadi 15 kuanzia Oktoba 2024. Umoja wa Ulaya kwa kawaida hauvuki asilimia 7.

Tuchukue asasi ya mfano yenye miradi mitatu, gharama za moja kwa moja shilingi milioni 180 kwa mwaka. Nje ya miradi kuna pango milioni 9, mhasibu milioni 14.4, sehemu ya mshahara wa mkurugenzi isiyo na mradi milioni 11, ukaguzi wa hesabu milioni 6, umeme na intaneti milioni 4.6. Jumla milioni 45, yaani robo ya zile 180. Wafadhili wakilipa asilimia 7 mnapata milioni 12.6, na pengo ni milioni 32.4.

Pengo hilo lazima lilipwe na mtu. Mhasibu analipwa nusu mshahara, michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) inachelewa, ofisa wa kijijini anapiga simu kwa bando lake, na pikipiki haifanyiwi sevisi mpaka ife barabarani.

Njia halali ya kulipunguza ni kupeleka kwenye mradi kila gharama inayoweza kuthibitishwa kuwa ni ya mradi. Ofisi ina meza 9 na 7 ni za watu wa miradi? Basi sehemu 7 kati ya 9 za pango, umeme na intaneti zinakwenda huko: milioni 7 na kama milioni 3.6. Taimushiti za mhasibu, yaani karatasi za saa alizofanya kazi, zinaonyesha asilimia 75 ya muda wake ni hesabu za miradi, basi ni milioni 10.8. Mkurugenzi asilimia 60, milioni 6.6. Mmehamisha milioni 28. Gharama za moja kwa moja sasa ni milioni 208, asilimia 7 yake ni milioni 14.56, na gharama za nje ya miradi zimebaki milioni 17. Pengo limeshuka hadi milioni 2 na nusu hivi, na hilo mnaweza kuliziba kwa ada na michango.

Masharti ni mawili. Kanuni ya mgawanyo iandikwe, ipitishwe na bodi na itumike kwa wafadhili wote bila ubaguzi. Pili, gharama iliyokwisha kuingia kwenye mradi isidaiwe tena ndani ya ile asilimia 7. Mkaguzi akikuta imelipwa mara mbili ataikataa, na mtairudisha kutoka mfuko ambao hamna.

Dhana: Wa kujitolea ni nguvu kazi ya bure

Kijana amemaliza chuo, anafika saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi jioni, anapewa "nauli" ya mwezi, na mwaka wa pili huo unakatika. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 ina kipengele ambacho wakurugenzi wengi hawajakisoma: aliyekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita huhesabiwa kuwa mwajiriwa mpaka uthibitishe vinginevyo. Kijana wetu huzifikisha kabla wiki ya pili haijaisha. Kupunguza saa kijanja hakusaidii sana, kwa sababu saa ni alama moja tu. Kupangiwa kazi na kukutegemea kwa riziki navyo huhesabiwa. Kama kazi ni ya kila siku, tafuta fedha za ajira au punguza kazi.

Dhana: Mwenye moyo wa kazi haendi likizo

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa likizo ya siku 28 mfululizo kwa mwaka, wikendi zikiwamo. Wiki ya kawaida ni saa 45, saa za ziada hazizidi 50 katika wiki 4 na hulipwa mara moja na nusu. Ziara ya Jumamosi wilayani nayo ni kazi.

Kosa huanzia kwenye maombi ya fedha. Mwaka una siku kama 260 za Jumatatu hadi Ijumaa. Ondoa 20 za likizo (zile 28 bila wikendi), kama 13 za sikukuu, 7 za ugonjwa na misiba: zinabaki 220. Ukimwandika mtu yuleyule asilimia 50 kwa wafadhili watatu, umeuza siku 330. Mfanyakazi atazitafuta usiku, na mkaguzi atazikuta mchana akilinganisha taimushiti.

Na mhasibu asiyeondoka kamwe asisifiwe haraka. Mpe likizo ya siku 10 mfululizo na mtu mwingine ashike vitabu. Risiti za EFD zinazojirudia na masurufu (fedha za kazi alizotangulizwa mtu) yasiyorejeshwa huonekana kipindi hicho.

Dhana: Mfadhili mmoja mkubwa ni usalama

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na asasi nyingi zilipokea amri ya kusimamisha kazi mara moja. Mkataba wa ruzuku ukikatika, mikataba ya ajira hubaki palepale: notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, malipo ya siku za likizo alizobakiza, na kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili, hadi miaka 10. Piga hesabu hiyo kwa kila mfanyakazi kila Desemba na upeleke jumla kwenye bodi. Kiasi hicho ndicho lengo la kwanza la akiba yenu, kabla ya gari na kabla ya kiwanja.

Dhana: Dodoso refu huleta ushahidi mzuri

Swali la 90 hujibiwa na mama aliyeacha sufuria jikoni. Mbele ya kila swali andika cheo cha atakayetumia jibu na uamuzi atakaofanya. Lisilo na mtu lifute. Tangu Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika, kwa hiyo kila jina na namba ya simu uliyokusanya bila sababu ni mzigo mwingine wa kutunza.